Edensor, kijiji cha bure kando ya kasri la kulipia: uzoefu wangu

Wengi wanaokwenda kasri la Chatsworth, kule Derbyshire, Uingereza, hulipa kiingilio, hupanga foleni kutazama dari zilizochorwa na sanamu za marumaru, hupiga picha kwenye chemchemi, kisha hao, kwenye maegesho. Kijiji cha Edensor hukiona kupitia dirisha la gari tu: mnara mrefu wa kanisa ukichomoza juu ya miti, paa mbili tatu, basi. Mimi nasema kama mfuko wako hauruhusu yote mawili, liache kasri uende kijijini. Hakuna tiketi, hakuna anayekuharakisha, na ukijua unachokitazama utamaliza mchana mzima.

Naishi Sheffield, kwa hiyo wageni wangu kutoka Kenya huishia kunitaka niwapeleke "mahali pa Kizungu hasa". Safari hii mgeni alikuwa Shangazi, mwalimu wa historia mstaafu, mtu asiyependa kutembezwa bila maelezo. Tulipanda basi hadi Chatsworth, tukalipa kisogo lile kasri, tukavuka mto Derwent kwa daraja la mawe alilolisanifu James Paine miaka ya 1760, tukapanda kijia kinachopita katikati ya kondoo. Ni mwendo mfupi, hata kwa mguu unaolalamika. Ukiuliza njia, wenyeji hutamka "Enza".

Kabla hujaanza kusifia maua ya madirishani, jua kwanza kwa nini kijiji kiko pale kilipo. Edensor ni ya zamani, imo katika orodha ya mali ya mwaka 1086 ambayo mfalme William aliamuru iandikwe baada ya kuiteka Uingereza. Lakini kijiji hicho cha kale hakikuwa hapa. Nyumba zake zilitawanyika bondeni kuelekea mtoni, na mwenye kasri akifungua dirisha la magharibi aliziona. Hilo ndilo lililokuwa kosa la kijiji. Katika miaka ya 1760 Duke wa 4 wa Devonshire, kabaila mwenye kasri hilo, alimwita Lancelot Brown, bingwa wa bustani wa zama zile, amtengenezee mandhari ya majani na miti inayoonekana kama imejiotea. Nyumba zilizokuwa zikionekana zikabomolewa. Zilizobaki alizimaliza Duke wa 6 kati ya 1838 na 1842, akajenga kijiji kipya kando, nyuma ya mwinuko, ambako kasri haliwezi kukiona. Baadhi ya watu walipelekwa vijiji vingine vya milki hiyo hiyo, Pilsley na Beeley.

Shangazi alisimama katikati ya kijia. "Kwa hiyo wenyewe waliambiwa tu, hameni?"

"Walijengewa nyumba nyingine, Shangazi. Nzuri kuliko za mwanzo."

"Sikukuuliza kama zilikuwa nzuri, mwanangu."

Na kweli ni nzuri, hapo sina ubishi. Ukivuka zile nondo za barabarani za kuzuia kondoo unajikuta mbele ya nyumba ambazo hakuna hata mbili zinazofanana. Moja ina paa lililotokeza mbele na varanda ya mbao kama za milimani Uswisi. Ya pili ina matao ya duara ya Kitaliano. Nyingine ina mabomba ya moshi marefu yaliyochongwa kwa mtindo wa enzi za Tudor, na nyingine imejifanya ngome ndogo. Ramani zilichorwa na John Robertson, msanifu wa kutoka Derby, chini ya usimamizi wa Joseph Paxton, mkuu wa bustani za Chatsworth. Inasimuliwa kwamba Duke alioneshwa kitabu cha michoro akiwa na haraka zake, akajibu achukuliwe moja ya kila aina. Huenda ni porojo, lakini ukitembea pale unaiamini. Kinachoziunganisha ni jiwe moja la rangi ya mchanga, na rangi ya buluu kwenye milango na madirisha, ile ile utakayoiona popote milki ya Chatsworth ilipo. Hadi leo nyumba hizo ni za milki, na wakazi wengi ni wafanyakazi wake au wastaafu wake. Kwa hiyo usichungulie madirisha ya watu. Nimewaona wageni wakibandika simu kwenye kioo huku mama wa watu yuko ndani anaosha vyombo.

Nyumba iliyonipendeza kuliko zote haimo hata kijijini. Iko ng'ambo ya barabara, peke yake na ukuta wa bustani yake, ndiyo pekee iliyoachwa ya kijiji cha kale. Wenyeji wameibandika jina la shamba la mizabibu la Nabothi. Aliyesoma Biblia anamkumbuka Nabothi wa Yezreeli, aliyemkatalia mfalme Ahabu shamba la baba zake, akauawa kwa hilo. Husimuliwa kwamba hapo aliishi mzee ambaye hakutaka kuhama, na Duke, tofauti na Ahabu, akamwacha na mboga zake. Shangazi aliitazama nyumba hiyo muda mrefu kuliko alivyolitazama kasri.

Paxton anastahili aya yake. Alikuwa kijana wa miaka 22 alipoajiriwa mwaka 1826 kuwa mkuu wa bustani za Chatsworth. Mwenyewe alisimulia kwamba alifika alfajiri saa kumi na nusu, akakuta pamefungwa, akapanda ukuta, akakagua bustani, akawapangia vibarua kazi, akaketi kunywa chai na mtunza nyumba, na ilipofika saa tatu asubuhi alikuwa amekwisha kupendana na mpwa wa huyo mama. Sarah ndiye aliyemuoa. Paxton huyu ndiye aliyejenga pale nyumba kubwa ya kioo ya kuoteshea mimea ya nchi za joto, na ujuzi huo akaupeleka London kujenga jumba la kioo la maonyesho ya mwaka 1851, yaliyompatia cheo cha Sir. Mtoto wa mkulima, asiye na shahada ya usanifu.

Na sasa nije kwenye ndizi. Katika miaka ya 1830 Paxton alipata mche wa mgomba uliotoka Mauritius, akaulea ndani ya kioo, katika baridi hii unayoijua, hadi ukazaa mwaka 1835. Ukapewa jina la ukoo wa Duke, Cavendish. Miche ikapelekwa visiwa vya Pasifiki na wamisionari, ikaenea, na ugonjwa ulipoiangamiza ndizi iliyotawala biashara hapo awali, Cavendish ikachukua nafasi. Ndizi ile ndefu ya manjano iliyobandikwa kijikaratasi supamaketi, ndiyo hiyo. Duke wa 6, aliyefariki 1858 bila kuoa, amezikwa hapo Edensor. Shangazi, ambaye kwake kuna migomba mpaka mlangoni, alisema Mzungu kuipa ndizi jina lake si jambo la kumshangaza.

Kanisa la Mtakatifu Petro lilijengwa upya karibu na 1867 na msanifu George Gilbert Scott, na ule mnara ni mkubwa mno kwa kijiji cha ukubwa huu. Nje lilinichosha kidogo, makanisa ya Scott yamejaa Uingereza. Ingia ndani. Kwenye kikanisa cha pembeni kuna kaburi la ndugu wawili, watoto wa Bess wa Hardwick, yule mama aliyeanzisha ujenzi wa Chatsworth ya kwanza: Henry Cavendish aliyefariki 1616, na William, Earl wa kwanza wa Devonshire, aliyefariki 1626. Wachongaji hawakuwalaza kwa fahari ya mapanga na mavazi ya vita. Mmoja ni mifupa mitupu, mbavu zinahesabika. Mwingine amefungwa sanda. Na wamelazwa juu ya jiwe lililochongwa likawa mkeka, na misuko yake imekunjwa kichwani kuwa mto. Mkeka! Katikati ya Uingereza, kwa matajiri wale! Shangazi aliinama akaufuata msuko kwa macho, ukili kwa ukili, bila kugusa.

Usitoke bila kutafuta bamba la shaba la John Beton, lililookolewa kutoka kanisa la zamani. Alimtumikia Mary, malkia wa Waskoti, akashiriki kumtorosha katika ngome ya Lochleven mwaka 1568, akamfuata hadi kifungoni Chatsworth, akafia hapo 1570. Mary mwenyewe alifungwa miaka mingi zaidi, kisha akakatwa kichwa.

Makaburi yako nyuma, kwenye mteremko. La Paxton ni kubwa kuliko unavyotazamia kwa mtu aliyeanzia bustanini. Wenye kasri wenyewe wako juu kabisa, na mawe yao hayana mbwembwe. Watalii wachache wanaopanda huko humtafuta Kathleen Kennedy, dada yake Rais John F. Kennedy. Mwezi Mei 1944 aliolewa na mrithi wa Duke wa 10, mama yake akikasirika kwa kuwa bwana harusi hakuwa Mkatoliki. Mume akauawa vitani Ubelgiji Septemba mwaka huo huo, naye akafa katika ajali ya ndege Ufaransa mwaka 1948, akiwa na miaka 28. Jiwe lake linasema alitoa furaha, na furaha ameipata. Chini yake kuna bamba linaloeleza kuwa kaka yake alikuja kulizuru tarehe 29 Juni 1963. Alitua kwa helikopta, na kabla ya mwaka kwisha naye alikuwa kaburini.

Sisi lakini tulikuja kwa ajili ya mwingine: Victor Cavendish, Duke wa 9, aliyefariki 1938. Aliyesoma historia sekondari Kenya atalikumbuka jina la cheo chake hata kama alikuwa akisinzia darasani, kwa sababu huyu ndiye aliyekuwa waziri wa makoloni mwaka 1923, na Waraka wa Devonshire ni wake. Shangazi aliufundisha tangu mimi sijazaliwa. Akasimama mbele ya kaburi, mkoba kifuani, akaanza kama yuko mbele ya ubao: walowezi na Wahindi waligombania kura, ardhi ya nyanda za juu na viti vya baraza, London ikaamua kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao yatangulie. Matokeo? Nyanda za juu zikabaki kwa walowezi, Wahindi wakapewa viti vitano, na Mwafrika, ambaye maslahi yake yalitangulia, akawakilishwa na mmisionari wa kuteuliwa.

"Miaka yote ile niliandika jina lako ubaoni," akaliambia jiwe, "kumbe umelala pazuri hivi."

Kuna kitu kingine hatukukitarajia. Binti wa Duke huyu, Dorothy, aliolewa na Harold Macmillan, waziri mkuu wa Uingereza aliyehutubia Cape Town mwaka 1960 kuhusu upepo wa mabadiliko barani Afrika. Sera ya kwetu, mwanzo wake na mwisho wake, ilipita mezani kwa ukoo mmoja. Nilipomweleza hilo Shangazi alichukua kalamu akaandika kwenye bahasha, nadhani kuna walimu wenzake watapigiwa simu.

Sasa kasoro, maana hakuna pasipo na kasoro. Maelezo ni haba mno. Bango moja mlangoni mwa kijiji lingetosha kusema nyumba ipi ni ya mtindo gani na kwa nini kijiji kilihamishwa. Bila kusoma kabla, utaona nyumba za kupendeza tu na utaondoka. Makaburini utatafuta majina kwa kuinama jiwe kwa jiwe. Mteremko huo si rafiki wa magoti wala kiti cha magurudumu, na mvua ikinyesha nyasi zinateleza. Mtandao wa simu kwangu ulikuja na kuondoka, basi pakua ramani nyumbani. Kuna mgahawa mdogo wa chai na skonzi, mzuri, ila bei ni za Kizungu na viti hujaa mchana. Sisi tulikuwa na chapati zetu kwenye mfuko, tukazila kwenye nyasi za hifadhi ng'ambo ya barabara, kondoo wakitukodolea macho.

Na kama utaingia kasri pia, sikukatazi. Ukilipa jua unalipia nini: Duke wa 10 alipofariki 1950, serikali ilidai kodi ya mirathi ya asilimia 80, na deni hilo halikwisha hadi 1974. Tangu 1981 nyumba iko mikononi mwa wakfu, na kiingilio chako ndicho kinachofanya paa lisivuje.

Kijiji nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya bango. Watoto wadogo watachoka makaburini, wapeleke upande wa mtoni. Anayependa historia aende siku ya kawaida ya wiki, asubuhi, kabla magari hayajajaa, na aangalie mapema ratiba ya basi la mwisho la kurudi Sheffield.