Garmin Xero C1 Pro: naweka mezani, napiga, namba hii hapa!

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Leo sina utangulizi mrefu, maana hiki kidude kimenifurahisha mno. Garmin Xero C1 Pro hii hapa, rada ya kupima kasi ya risasi, kiganjani, oneni ilivyo ndogo! Mambo ya kuzuia maji na kuunganisha na simu yameandikwa kwenye boksi, mtasoma wenyewe.

Kwa mgeni wa chaneli: mimi niko Texas, na risasi zangu za .308, yaani saizi ya bunduki yangu, nazijaza mwenyewe nyumbani. Ganda lililokwisha kupigwa nalisafisha, naweka praima mpya, yaani kile kiwashio cha baruti, napima baruti, naketisha kichwa cha risasi. Sasa utajuaje kama risasi ulizojaza jana usiku zinalingana kasi? Kwa macho zote ni sawa. Shabaha ya yadi 100 nayo haikuambii kitu, zinaingia karibu karibu. Nenda yadi 1,000 uone: moja juu, nyingine chini, na wewe unailaumu darubini. Halafu kuna usalama. Ukiona kasi imepita ile ya kwenye kitabu cha vipimo, simama hapo hapo, maana mgandamizo ndani ya bunduki huenda umezidi.

Zamani nilitumia kronografu, yaani kipima kasi, ya mwanga, ile inayosimama mbele ya bunduki na risasi inapita katikati ya vijiti. Wingu likipita, inasoma ovyo. Kila ukitaka kuisogeza, uwanja mzima lazima uache kupiga, uende mbele, urudi, uende tena, watu wote wanakungoja wewe. Nilichoka jamani, nilichoka kweli! Zile za sumaku za kufunga kwenye mtutu zinasoma vizuri, lakini uzito wake unahamisha mahali risasi inapopiga, kwa hiyo kasi na shabaha huvipimi pamoja.

Sasa tazameni. Naiweka mezani, pembeni ya bunduki, nyuma kidogo ya mdomo wa mtutu. Nachagua bunduki ndefu, naandika uzito wa kichwa cha risasi, greni 168, hicho ni kipimo chetu cha uzito. Basi! Sijaenda mbele, sijamsimamisha mtu. Zibeni masikio... futi 2,648 kwa sekunde. Mmeona? Namba imetoka hata bega halijatulia. Tena... 2,655. Ngojeni kwanza, jamaa wa meza ya pili anapiga. Mmesikia huo mlio? Tazameni kioo. Bado 2,655! Hicho ndicho ninachokipenda. Ni rada, inaifuata risasi yako yenyewe ikiondoka, jua na wingu haviihusu. Naendelea... 2,639. 2,661. 2,650. Nafunga. Wastani futi 2,651 kwa sekunde, kama mita 808 hivi. Kati ya ya juu na ya chini kabisa, tofauti ni 22. Hiyo SD, yaani zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ni 8. Risasi tano ni chache lakini, piga hata ishirini ndipo uiamini hiyo 8.

Mnaouliza kuhusu upinde na bunduki ya upepo: ndiyo, inapima.

Bei? Dola 600. Ilipotoka mwaka 2023 nilisema hapa hapa kwamba ni ghali, sinunui. Leo nasema hivi: kama unawinda kulungu mara moja kwa mwaka kwa risasi za dukani, azima ya rafiki. Anayejaza mwenyewe, inunue. Baruti na praima hazishuki bei, na kila risasi unayopiga bila kujua kasi yake ni hela imepotea. Ila betri iko ndani, huwezi kuibadilisha uwanjani, na hilo kwa bei hii linaniudhi.

Kampuni ya LabRadar tuwape haki yao, wao ndio waliotuletea rada sisi wapigaji wa kawaida, ingawa ile yao ya kwanza ni kubwa na lazima uielekeze kwenye shabaha. Kampuni ya Athlon nao wana rada yao, Rangecraft, ya bei nafuu zaidi. Nimeshaiagiza, ikifika naziweka meza moja na risasi zile zile. Video hiyo itatoka Jumamosi, siku yetu mpya, kwa hiyo bonyeza kengele isikupite.

Nimebaki na risasi kumi kwenye boksi la bluu, zile nilizopunguza baruti kidogo. Zibeni tena masikio, nazipiga sasa hivi.