Chupa kuukuu za jamu na achari: uzoefu wangu Unguja

Msimu wa maembe uliopita nilipika jamu ya embe boribo na achari ya ndimu, chupa 51, na zote ni chupa zilizokwisha kutumiwa na watu wengine. Sababu ni bei. Chupa mpya ya mdomo mpana inatufikia kwa meli kutoka Dar es Salaam, na ikifika dukani imeshabeba nauli yake na ya wenzake waliovunjika njiani. Darajani nilitajiwa shilingi 2,000 kwa moja. Nikipiga hesabu ya embe, sukari na makaa, jamu yenyewe iliyomo ndani hainigharimu kiasi hicho.

Nilianzia soko la Mwanakwerekwe, kwa kijana anayekusanya chupa na makopo. Alitaka shilingi 300 kwa kila moja, nikachukua 24. "Bi, hizi zote nzima, wewe ukaoshe tu," akaniambia, na kwa macho ya sokoni zilikuwa nzima kweli. Nyumbani ndipo nilipozijua. Nne zilinuka mafuta ya taa, maana watu wetu chupa yoyote yenye kifuniko wanaitilia mafuta ya taa. Nilizisugua kwa sabuni na maji ya moto, nikazianika siku mbili, harufu ikapungua, lakini moyo wangu haukukubali kutia humo chakula cha mtoto. Tano zilikuwa na pengo dogo kwenye mdomo, dogo kiasi kwamba jicho halilioni. Ukipitisha kidole polepole kuzunguka ukingo ndipo unalihisi. Mdomo wenye pengo haufungi hewa, na kigae chake unaweza kukikuta ndani ya jamu. Mbili hazikupata kifuniko cha kuzifaa. Zikabaki 13, yaani kila iliyofaa imenitoka kama shilingi 550. Bado ni rahisi kuliko mpya, ila si ile 300 niliyoifurahia sokoni.

Kilichonifaa hasa ni hoteli. Mtoto wa dada yangu anafanya kazi jikoni katika hoteli moja upande wa Nungwi. Kule zinafunguliwa chupa za asali, zeituni na jamu kila asubuhi, na zikimalizika ni taka. Aliomba ruhusa kwa mkubwa wake wa jikoni, akawa anazisuuza na kunitilia kwenye boksi. Boksi mbili, chupa 40, zilishuka na daladala ya namba 116, na mimi nililipa nauli ya mzigo tu. Uzuri wake mwingine ni kwamba hoteli hununua aina moja kwa wingi, kwa hiyo midomo inalingana na kifuniko cha hii kinaingia kwenye ile. Za sokoni kila moja ina ukoo wake. Kuna mdomo wa milimita 63 na kuna wa 66, na ukiziweka pamoja utaapa ni sawa. Kifuniko cha 66 kwenye mdomo wa 63 kitakaa, lakini kinacheza. Chukua rula, pima, usikisie.

Na hapa kwenye kifuniko ndipo ningependa mtu anisikilize. Kioo ukikichemsha kinarudi kuwa kipya. Kifuniko cha bati hakirudi. Ndani yake kuna utepe laini kama mpira, ndio unaoziba hewa, na ukishabanwa mara moja unabaki na alama ya mdomo wa kwanza. Shoga yangu alipokwenda Dar nikamwagiza vifuniko vipya 20 vya milimita 63. Jamu zilikuwa chupa 32: 20 nikazifunga kwa vipya, 12 kwa vile vya zamani vilivyoonekana vizuri. Vipya vyote vilishika. Vya zamani, vitatu havikushika. Unajua vipi? Jamu ikipoa, kitovu cha kifuniko kinabonyea ndani na unasikia "ta!" Ukikibonyeza kikaruka juu tena, hewa imo. Zile tatu niliziweka kwenye friji zikaliwa mwanzo.

Namna ninavyofunga: chupa zinaingia kwenye sufuria yenye kitambaa chini, maji ya kawaida, ndipo nachochea jiko mpaka yachemke dakika 10. Jamu inaingia ya moto ndani ya chupa ya moto. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikamimina kwenye chupa zilizokwisha poa, mbili zikapasuka kitako na jamu yote ikaenda jaani. Acha nafasi kidogo juu, futa mdomo, funga, kisha rudisha kwenye maji yanayochemka dakika 10 nyingine. Boribo iliyoiva sana ina utamu kuliko ukali, kwa hiyo huikamulia ndimu. Ukali ndio unaoilinda. Tafadhali usifunge samaki, nyama wala maharage kwa njia hii. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa maji ya kuchemka, na sumu yake inaua.

Achari ni habari nyingine. Chumvi na ukali wa ndimu vinakula bati, na rangi ya ndani ya kifuniko ikichubuka tu, kutu imeingia. Kwa hizo natumia vifuniko vya plastiki, au vya zeituni ambavyo havijachubuka. Na kifuniko kilichokaa na achari kisirudi kwenye jamu hata ukikiosha mara saba, ule mpira unashika harufu.

Nitarudi tena hotelini msimu ujao. Mwanakwerekwe nitakwenda, lakini nitachagua moja moja, kwa kidole na kwa pua, kabla sijatoa pesa. Na anayenunua jamu kwangu namrudishia shilingi 300 akileta chupa. Majirani wameshaleta tisa, mbili kati yake vifuniko vinanukia bizari. Hivyo vimeshakwenda upande wa achari.