Mota ya umeme kwenye mashua kuukuu: waranti isiyotaka chumvi

Mambo ya kilowati na volti kasomeni kwenye katoni, yameandikwa vizuri kabisa. Mimi nina neno na waya mmoja, na kijana mmoja wa dukani Mombasa.

Mashua ni ya marehemu baba. Mkuku, ule uti wa chini, bado mzima, na fundi wa kijiji cha Matondoni aliitia kalafati, yaani aliziba nyufa za mbao, upya kabla ya kazi hii. Miaka yote mashini ya petroli ilikaa pale tezi, kule nyuma, nikivusha abiria kutoka Amu, mji wa Lamu, hadi kisiwa cha Manda kwenye uwanja wa ndege, na jioni wageni wa Shela. Nikachoka. Bei, moshi, makelele, mikono inanuka petroli hata ukiwa sahanini. Wenye duka wakanishawishi: mota ya umeme, betri ya lithiamu, utasahau shida. Wakamleta fundi wao kwa basi, akafunga kila kitu upesi upesi, akapiga picha, akarudi zake.

Mwanzoni, wallahi, niliisifu hadi barazani wakaninyamazisha. Unasikia maji yakipita ubavuni! Wageni wanazungumza bila kupigiana kelele. Na mashua nzito kama hii haitaki pupa: ukisukuma mpini hadi mwisho, betri inashuka huku unaitazama, na mwendo unaoongezeka ni kiduchu. Kutaka mwendo maradufu ni kutaka nguvu karibu mara nane. Ukienda taratibu, chaji ambayo kwa mbio ingeisha kwa saa moja inakupa saa kadhaa. Hilo dukani hawakuniambia, nililiona mwenyewe kwenye kioo cha mota kinachoonyesha chaji.

Sasa siku yenyewe. Upepo wa kusi unavuma, ni bamvua, maji makubwa, na yanatoka kwa nguvu. Nina abiria wa ndege na mabegi yao, na bibi mmoja anakwenda kuonana na daktari Nairobi. Katikati ya mkondo mota ikakata. Kioo kinasema betri ina asilimia 60. Nazima, nawasha, rafadha inazunguka kidogo, inakata tena. Maji yanatuburura kuelekea Shela. Bwana mmoja ananiuliza ndege inaondoka saa ngapi, ananiuliza tena, kana kwamba mimi ndiye rubani. Yule bibi hakusema kitu, alivuta tu mtandio wake na kuniangalia, na hilo lilinichoma zaidi. Tukatweka tanga. Tukafika Manda ndege bado ipo, lakini nauli nilishindwa kuidai kwa kuona haya.

Kufungua sanduku la betri nakuta temino moja, pale waya unapofungwa, imegeuka kijani kama embe bichi, na plastiki ya pembeni imeyeyuka. Fundi wao alitumia waya wa shaba tupu, usiopakwa bati, akaubana kichwa kwa koleo la kawaida. Hewa ya bahari ikaingia, kutu ikauziba umeme njia, pakapata joto kali pale pale. Volti zikifika kwenye kontrola, kile kisanduku kinachoongoza mota, zimepungua, kontrola inadhani betri imekwisha, inajizima. Betri nzima, mota nzima, na watu wanapelekwa na maji kwa sababu ya kidude cha ukubwa wa kidole gumba.

Nikapiga simu dukani.

“Mzee, kwani hiyo mota uliipeleka baharini?”

“Ni mota ya mashua, mwanangu.”

“Basi waranti haihusu maji ya chumvi. Soma karatasi yako.”

Nikamwambia fundi wenu alishuka mwenyewe kwenye gati la Amu, akaona bahari kwa macho yake. Akanijibu, “Mzee, hivi vitu vya kisasa vina wenyewe,” akakata. Vina wenyewe! Pesa yangu ilipokuwa inaingia kwenye simu yao mwenyewe alikuwa nani? Waliniuzia wakidhani Lamu iko ziwani?

Nilikaa chini kuandika kwamba mtu asithubutu kununua kitu hiki. Ila haki ya mota niseme: fundi wetu wa hapa Amu amekata nyaya zote, ameweka zilizopakwa bati, amebana kwa mashine yake, ametia grisi na mpira wa kukazwa kwa moto, na sanduku ameliinua mbali na ngama, kule chini maji yanakotuama. Alinitoza pesa kidogo hata nikaona aibu. Tangu hapo haijakata, na kusi hii haijanihurumia hata kidogo.

Kwa hiyo mota ni nzuri. Nzuri sana, hata. Lakini nikikumbuka lile “soma karatasi yako” natamani kuing’oa niwarudishie mlangoni. Sitaing’oa. Leo nimevusha watu Manda mara kadhaa na betri imerudi nyumbani na zaidi ya nusu. Mashini ya petroli nimeshamwuzia binamu yangu. Ukitaka kuona nyaya zilivyofungwa, njoo gatini asubuhi. Ukitaka jina la duka ukanunue, mimi sikupi.