Grisi nyeusi ya molibdenamu kwenye pini za ndoo: tathmini ya miezi saba

Ndoo ya ekskaveta yetu ya machimbo ya kokoto ilipoanza kulia kila inapokunjwa, tulichomoa pini inayoiunganisha na mkono wa mashine, tukakuta upande unaobeba uzito umechanika mistari mirefu, na nyama ya bushi, yaani bomba fupi la chuma ambamo pini hupita, imeng'oka na kugandia juu ya pini. Grisi ya kawaida ya magurudumu ilikuwa ikitiwa kila asubuhi bila kukosa, kwa hiyo uvivu wa fundi haukuwa sababu.

Pini ya ndoo haizunguki mfululizo kama beringi ya gurudumu; huenda kidogo ikarudi, taratibu, chini ya mzigo mkubwa, na mwendo huo hautoshi kuvuta mafuta yajenge utando wa kutenganisha vyuma viwili. Utando ukikatika, vinundu vya chuma visivyoonekana kwa macho hugusana na kushikana kana kwamba vimechomelewa, kisha hung'oka, na kila kipande kinachong'oka hulima mfereji mwingine.

Ndipo niliponunua grisi ya lithiamu ya ugumu namba 2, yenye asilimia 3 ya molibdenamu disulfidi. Unga huo mweusi umejengwa kwa matabaka yanayoteleza moja juu ya jingine, nao hubaki umejipaka kwenye chuma hata mafuta yakishakamuliwa. Tuliianza na pini na bushi mpya, kwani hakuna grisi inayorudisha chuma kilichokwisha kulika. Baada ya miezi saba pini imetoka ya kijivu, laini, bila mchaniko hata mmoja.

Lawama yangu ya kwanza ni weusi wake: grisi chafu inapotoka pembeni huwezi kujua kwa kutazama kama imebeba unga wa chuma, hadi uisugue kati ya vidole. Vumbi la mawe nalo haliogopi molibdenamu, hivyo tumelazimika kusukuma grisi mara mbili kwa siku, mpaka ile ya zamani itoke yote. Matumizi yamepanda, na kopo lenyewe ni ghali.

Maandishi ya kopo yanayodai kuwa inafaa kila mahali sikubaliani nayo. Beringi zinazokwenda kasi hazihitaji unga mgumu ndani yake, na kwenye magurudumu nimebaki na grisi yangu ya zamani, kila moja na pampu yake ya mkono ili zisichanganyike.