Mfupa wa samaki au picha ya hali: kipi kianze darasani?

Mhadhiri wa Unguja anayetaka wanafunzi wachambue tatizo kwa maelezo, si kwa tarakimu, ana njia mbili za kuanzia. Moja ni mchoro wa mfupa wa samaki, ulioenezwa na Mjapani Kaoru Ishikawa miaka ya 1960. Tatizo huandikwa kichwani, sababu kwenye miiba. Chukua mwani unaolimwa Paje, kijiji cha pwani ya Unguja: kichwani "kotonii inakufa" (kotonii ni aina ya mwani), kwenye miiba joto la maji, maradhi, mbegu, kamba. Saa moja yatosha, na kusahihisha ni rahisi.

Nyingine, picha ya hali, ilitoka Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, kwa Peter Checkland na wenzake. Mwanafunzi huchora hali nzima kwa mkono: mama aliyeinama kwenye vigingi vya mwani maji yakiwa yamekupwa, mnunuzi na mizani yake, mgeni anayetaka pwani safi ya kuogelea, mume anayeulizia pesa. Ndipo linapozuka swali ambalo mfupa hauliulizi: tatizo ni la nani? Mkulima analia na bei, mwenye hoteli analalamikia vigingi. Wanafunzi waliozoea kunakili ubaoni huona haya kuchora, na wengine huuliza alama zitapatikana vipi. Wana haki, kusahihisha picha ni kazi kwelikweli.

Mimi ningeanza na picha, tena baada ya kuzungumza na wakulima wenyewe. Mfupa ukitangulia, miiba hujazwa yale ambayo darasa lilikwishayajua tangu nyumbani.