GTX 1660 Super na ovakloki inayoanguka katikati ya gemu: tusome dalili kabla ya kulaumu kadi

Jambo yenu wote, ndugu wa Lubumbashi, nanyi mnaotuangalia mkiwa Likasi, Kolwezi na ng'ambo ya mpaka kule Zambia. Leo mezani nina GeForce GTX 1660 Super, kadi ya picha ya kompyuta. Nvidia iliitoa Oktoba 2019, na mpaka leo ni kati ya kadi ninazokutana nazo sana ndani ya kompyuta za mitumba hapa mjini. Kwa gemu za 1080p bado ina nguvu, hilo silibishi. Ninachotaka tuchambue ni malalamiko ninayoletewa kila mara: "Yaya, niliongeza kasi kidogo tu kwenye Afterburner, sasa gemu inajifunga katikati ya mechi." Afterburner ni programu ya kupandisha kasi ya kadi kupita ile ya kiwandani, na kufanya hivyo ndiyo ovakloki. Na mwenye kadi tayari ameamua kwamba kadi ni mbovu, anatafuta wa kumuuzia.

Usiiuze kwanza. Namna kadi inavyoanguka ndiyo inayokuambia ugonjwa uko wapi, na wengi hawaangalii hapo. Wanashusha tu vitelezi vya Afterburner, wanapandisha tena, wanaomba Mungu.

Ukiona nukta za rangi zinametameta, vipande vya mraba vinatokea angani, au pembetatu ndefu zinachomoka kwenye mwili wa mchezaji, shuku memori ya kadi kwanza. Gemu ikiganda, skrini ikawa nyeusi, kisha ukarudishwa kwenye Windows huku sauti bado inasikika, mara nyingi hiyo ni kori, yaani chipu kuu ya kadi inayohesabu picha. Windows huipa kadi sekunde 2 ijibu. Isipojibu, inazima dereva, programu inayoiendesha kadi, na kuiwasha upya, na gemu inafia hapo. Windows nyingi za kwetu ni za Kifaransa, kwa hiyo fungua Observateur d'événements, mahali Windows inapoandika matukio yake, ingia kwenye Système, tafuta mstari wenye namba 4101 na jina nvlddmkm. Hilo ndilo jina la dereva ya Nvidia. Lakini kompyuta nzima ikizimika papo hapo, na ulipowasha ukakuta humo Kernel-Power 41 peke yake, alama ya kuzimika ghafla, achana na vitelezi. Hapo nenda kwenye umeme, nami nitafika huko.

Sasa tukae hapa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapotea. Kwenye boksi wameandika kori ni 1530 MHz, ikipanda 1785 MHz. Hiyo 1785 si dari. Ndani ya kadi kuna mfumo wa GPU Boost unaopandisha kori wenyewe mradi joto, wati na voltaji vinaruhusu, na hii ya mezani, bila mimi kugusa kitu, inapita 1900. Mfumo huo unafuata mkunjo: kila voltaji imepewa kasi yake. Ukiandika +120 kwenye Afterburner, hujaongeza kasi ya juu peke yake, umeinua mkunjo mzima. Voltaji iliyokuwa inabeba 1800 sasa unaiamuru ibebe 1920.

Ndiyo maana mtu ananiambia FurMark, programu ya kuichosha kadi kwa makusudi, imetembea vizuri kabisa, halafu gemu inaanguka kwenye menyu, mahali pasipo na kazi. Anaona ni uchawi. FurMark inaisukuma kadi mpaka kwenye kikomo chake cha wati 125, na kadi ikigonga kikomo hicho inashusha kasi yenyewe. Umepima sehemu ya chini ya mkunjo, basi. Kwenye menyu, au wakati ramani inafunguka, kazi ni nyepesi, wati ni chache, kadi inapanda mpaka ncha ya juu ambayo FurMark haikuifikia hata kidogo. Ncha hiyo ndiyo inayoanguka. Kwa hiyo mimi sikubali ovakloki iliyopimwa kwa FurMark tu. Ifungue gemu yenyewe, ingia, toka, badilisha ramani, kaa kwenye menyu, rudi tena. Weka takwimu za Afterburner pembeni ya skrini, na angalia kori ilikuwa kwenye namba gani sekunde ya mwisho kabla ya kuganda. Namba hiyo iandike.

Saa ya kuanguka nayo inasema kitu. Joto likipanda, kadi za kizazi hiki hushusha kori kwa ngazi za 15 MHz. Kadi ikiwa baridi iko kwenye ngazi ya juu kabisa. Kwa hiyo ikianguka dakika za kwanza, umedai kasi kubwa mno, punguza 15, jaribu, punguza 15 tena. Ikikubali mwanzo na kuanguka baada ya nusu saa, joto ndilo linaloharibu: chipu ya moto inataka voltaji zaidi ili ibebe kasi ile ile.

Na hapa Lubumbashi majira yanabadilisha majibu. Usiku wa Juni, baridi yetu mnaijua, kila ovakloki inaonekana nzuri. Ikifika Oktoba, kabla mvua haijashuka, chumba cha bati kinawaka, na ile ile iliyokuwa inatembea inaanza kujifunga. Kijana anasema kadi imezeeka. Kadi haijazeeka, hewa inayovuta ndiyo imebadilika. Kisha kuna vumbi letu jekundu la kiangazi. Ukiitazama kadi kutoka nje unaona feni safi. Fungua skrubu, toa feni, tazama hapa, naisogeza kamera karibu: kati ya mapezi ya redieta kuna tabaka la vumbi lililogandamana, nene, ukilivuta kwa koleo ndogo linatoka kipande kizima. Hewa haipiti hapo hata feni zikilia kwa asilimia 100. Lisafishe kwa brashi laini, na ukipuliza hewa shikilia feni kwa kidole isizunguke ovyo.

Turudi kwenye memori, maana kwa kadi hii ina historia. GTX 1660 ya kawaida ina GDDR5 na inapitisha GB 192 kwa sekunde. Hii Super wakaipa GDDR6, GB 6, inapitisha GB 336. Tofauti kubwa hiyo, na wachimbaji wa Ethereum, yaani watu waliotumia kadi kutengeneza sarafu hiyo ya kidijitali, waliiona mapema. Waliichukua kwa wingi, wakaiendesha usiku na mchana memori ikiwa imepandishwa, mpaka Ethereum ilipoachana na uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022. Baada ya hapo kadi nyingi zikamwagika kwenye mitumba. Sisemi kila ya mtumba ni ya mchimbaji. Nasema usinakili namba ya memori ya mtu mwingine, +800 ya video fulani, ukaipachika kwenye kadi yako ambayo hujui ilitoka wapi. Tena kadi hii haina kipimo cha joto la memori kinachoonekana kwenye Afterburner. Ile digrii 65 unayoiona ni ya kori. Memori inaweza kuwa inaungua pembeni, pedi zake za kupitisha joto zimekauka, nawe unajisifu kwa 65.

Kupima memori, chukua programu ya OCCT, kipengele cha VRAM, yaani memori ya kadi. Inaandika na kusoma, inahesabu makosa. Kosa moja tu, shusha. Hapa sina huruma: memori yenye makosa machache leo itakuchorea pembetatu kesho.

Umeme sasa. Kadi inataka wati 125 na plagi moja ya pini 8. Si nyingi. Lakini angalieni pawasaplai hii, kisanduku kinachogawa umeme, niliyoikuta ndani ya kompyuta ya mteja. Ubavuni wameandika 500 W kwa herufi kubwa. Soma jedwali dogo chini yake, mstari wa 12 V: ampea 18. Zidisha 12 kwa 18, unapata wati 216, na kori ya kadi, prosesa na feni zote zinakula kwenye mstari huo. Kadi inaporuka ghafla kutoka menyu kwenda vitani, voltaji inazama, kompyuta inazimika. Na plagi ya pini 8 waliitoa kwenye adapta ya Molex, plagi ya zamani ya pini 4, pini mbili zimeshakuwa za kahawia. Ukiona rangi hiyo, chomoa, usijadiliane. Stabilizeta ya ukutani inakusaidia umeme wa SNEL unapoyumba, ni kitu kizuri, ila haiwezi kuokoa pawasaplai iliyo dhaifu ndani.

Mnataka kujua mimi ninaiwekaje? Bonyeza reset kwanza, kila kitu sifuri, cheza jioni nzima. Ikiwa salama, gusa kitu kimoja tu, kori au memori, kamwe si vyote viwili, la sivyo hutajua ni nani aliyeangusha. Na lile tiki la kuanza pamoja na Windows lisiwekwe mpaka uwe na uhakika, maana dereva ikianguka wakati wa kuwaka utapata kazi ya usiku.

Lakini kwa kweli, kwa joto letu, napenda kushusha voltaji kuliko kupandisha kasi. Ndani ya Afterburner bonyeza Ctrl na F, mkunjo unafunguka. Hapa nimeshika nukta ya milivolti 900 (mV), nimeipandisha mpaka 1860 MHz, na nukta zote za kulia kwake zimelala kwenye mstari huo huo. Kori haipandi zaidi ya hapo, ile ncha ya menyu imekatwa, feni zimetulia. Kwenye gemu tofauti ya fremu, yaani picha kwa sekunde, siioni kwa macho. Yako inaweza kukataa 1860; anza 1800, panda polepole.

Kwa uchambuzi wa kadi yenyewe: ninaipendekeza, ila kwa kasi ya kiwandani au kwa voltaji iliyoshushwa. Ovakloki kubwa juu yake inakupa fremu chache na usumbufu mwingi.

Na kama imesafishwa, iko kwenye pawasaplai nzuri, Afterburner iko sifuri, na bado inachora nukta, hapo siyo ovakloki tena. Mrudishie muuzaji. Ninyi mnaoenda kununua wiki hii, bebeni OCCT kwenye flashi, iwasheni pale pale dukani kabla hamjatoa dola mfukoni, na muuzaji akikataa kadi ipimwe, nendeni duka la pili.