Uzoefu wangu: mashine ya mkono ya kubadilishia tairi za pikipiki

Wakuu, kama bado unabadili tairi kwa liva mbili huku umekanyaga rimu na mguu, hii mashine itakupunguzia jasho kweli. Yangu nimeifunga uani kwenye zege, naitumia kwa Boxer 150, tairi ya nyuma 3.00-17 ya tyubu.

Penye raha yake ni kwenye kubandua. Tairi iliyokaa muda mrefu inang'ang'ania rimu hadi uikanyage uchoke, hapa unailaza, unaweka ule mkono wa mashine pembeni kabisa mwa rimu, unakandamiza, unasikia pwaa imeachia. Halafu rimu inabanwa katikati haizunguki, mikono yako yote miwili inabaki kwenye mtaimbo wake wa kung'olea tairi.

Ila ufundi bado unahitajika asee. Ule upande wa pili, mkabala na unapovuta, kandamiza mdomo wa tairi uzame kwenye bonde la katikati ya rimu, ndo unapata nafasi, bila hivyo utavuta mpaka tyubu itoboke na tairi haijatoka. Maji ya sabuni mwagia ya kutosha, oili na grisi hapana, zinaharibu mpira. Kurudisha, tia tyubu upepo kidogo isijikunje, angalia mshale wa mzunguko ubavuni mwa tairi, anzia mbali na valvu umalizie kwenye valvu, na kabla ya kumalizia isukume valvu ndani kidogo uhakikishe tyubu haijabanwa chini.

Kilichoniudhi ni mtaimbo wenyewe, ncha imekatwa ovyo ina makali na inakwangua rimu, ikabidi niupige tupa kisha niuvalishe kipande cha tyubu kuukuu. Boliti zilizokuja nayo fupi pia, nunua ndefu za zege, maana ikilegea tu unazunguka nayo.

Mwenye pikipiki moja, liva tatu nzuri zinakutosha. Ila kama una bodaboda kadhaa za biashara, chukua.

Na tairi mpya soma tarakimu nne za mwisho kwenye DOT (ile namba ya kiwandani ubavuni mwa tairi) kabla hujalipa, 2324 ni wiki ya 23 mwaka 2024. Kuna duka liliniuzia "mpya" iliyokaa miaka stoo, mpira umekakamaa, kuivalisha hata kwa mashine ilikuwa vita.